Muhali na Uhakiki: Je, Mhakiki Aweza Kumhukumu Jirani Yake?

Utangulizi

Kila mwaka wa masomo unapokwisha, idara za fasihi katika vyuo vikuu huandaa taarifa ya shughuli za walimu wake. Katika taarifa hiyo huorodheshwa makala yaliyochapishwa, mihadhara iliyotolewa na tasnifu zilizosimamiwa; kisha, kwenye ukurasa unaofuata, huorodheshwa riwaya, tamthilia na diwani za mashairi zilizotungwa na walimu wale wale. Anayeipitia taarifa hii kwa haraka huona fahari, na fahari hiyo si ya bure. Idara inayochambua fasihi na papo hapo ikaitunga ni idara yenye uhai.

Hata hivyo, taarifa hiyo huficha swali ambalo hatuliulizi hadharani. Wanaotajwa katika ukurasa wa kwanza ndio wanaotarajiwa kuzipima kazi zinazotajwa katika ukurasa wa pili. Watu hawa wana ofisi katika ujia mmoja. Hunywa chai pamoja saa nne, huchangiana katika harambee za karo, harusi na matanga, na huketi katika kamati zinazoamua ni nani apandishwe cheo na ni nani angoje. Je, mtu aliye katika hali hiyo anaweza kusema kweli juu ya kitabu cha jirani yake? Na ikiwa anaweza, je, ana wajibu wa kuisema?

Makala haya yanakusudia kulishughulikia swali hilo kama swali la maadili, wala si la nadharia. Nadharia tulizo nazo hutufundisha namna ya kuisoma matini. Hakuna hata moja inayotufundisha la kufanya mwenye matini anapobisha hodi mlangoni na kutuuliza, "Umekionaje kitabu changu?"

Maana ya muhali

Kiswahili kina neno linaloitaja hali hii barabara, nalo ni muhali. Kumwonea mtu muhali ni kushindwa kumkatalia au kumwambia jambo zito kwa sababu ya uhusiano uliopo baina yenu. Neno hilo hilo hutumiwa pia kwa jambo lisilowezekana, na msomaji akizitazama maana hizi mbili pamoja ataona ujamaa wake: kwa mwenye muhali, kusema "la" kumekuwa jambo lisilowezekana.

Hatuna budi kuutenga muhali na mambo mawili yanayofanana nao. Unafiki ni kusema usiloliamini ili upate faida. Woga ni kunyamaza ili usidhurike. Mwenye muhali, kinyume cha hao, hunyamaza kwa kumjali mwenzake. Ndiyo maana muhali ni tatizo gumu zaidi kuliko unafiki na woga. Mambo mawili haya tunaweza kuyalaani bila kusita, ilhali muhali umeota katika udongo ule ule unaootesha utu. Jamii isiyoujua muhali haikaliki.

Pamoja na hayo, wahenga walitambua kwamba wema wa namna hii una gharama. Walisema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii hufasiriwa aghalabu kuwa ni lawama kwa mgema anayelevywa na sifa. Naona tumemsahau mhusika wa pili, yaani mnywaji. Yeye ndiye aliyeanza kusifu, na yamkini aliendelea kusifu hata baada ya kuonja maji. Tembo likiharibika, kosa ni la wawili.

Ushahidi wa historia

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kuwatenganisha watu hawa: watunzi wakae kwao na wahakiki kwao. Historia ya idara za Kiingereza katika Afrika Mashariki haiungi mkono dai hilo. Idara ya Kiingereza ya Makerere ilianzisha jarida la Penpoint mnamo 1958, na katika jarida hilo wanafunzi walisomwa kwanza na wenzao. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kumbukumbu zake za Makerere zilizochapishwa 2016, anasimulia jinsi alivyomsimamisha mwanafunzi mwenzake Jonathan Kariara, aliyehusika na jarida hilo, akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi na angependa aitazame. Ukweli ni kwamba hakuwa ameandika lolote. Baada ya kusema uongo huo ilimbidi aende akaiandike. Mwandishi mmoja mkuu wa eneo hili alianza basi kwa sababu palikuwa na mtu wa karibu aliyengoja kusoma. Mnamo 1965 David Cook, mwalimu wa idara hiyo, alizikusanya tungo za Makerere katika kitabu kiitwacho Origin East Africa. Hapakuwa na ukuta baina ya darasa la uhakiki na meza ya mtunzi, na ukuta huo ungalikuwepo, yamkini tungekuwa maskini zaidi.

Nairobi nako mambo yalikuwa vivyo hivyo. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake iundwe idara itakayoiweka Afrika katikati ya masomo yake. Waraka huo umejadiliwa sana kwa hoja zake juu ya mtaala. Mintarafu ya maadili, ninachotaka kukitaja ni jambo dogo zaidi. Watatu hao walikuwa wakiyajibu mapendekezo ya kaimu mkuu wa idara, mtu waliyefanya naye kazi katika chuo kimoja. Waliyapinga waziwazi, wakatia majina yao, na wakawapelekea wenzao wayapime. Hawakupitisha uvumi kwenye ujia. Kutokana na mjadala huo ilizaliwa Idara ya Fasihi, na fasihi simulizi ikapata nafasi ambayo haikuwa nayo.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa Taban na Okot p'Bitek. Taban alikuwa amewachokoza wasomi wa eneo hili mnamo 1965 kwa kuulalamikia ukame wa fasihi katika Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata Song of Lawino ya Okot ilichapishwa Nairobi, na wengi wakaiona kuwa mvua iliyongojewa. Taban hakuridhika. Katika The Last Word ya 1969 aliikosoa kazi hiyo kwa ukali. Baadaye wote wawili walifundisha Nairobi, mkosoaji na mkosolewa wakipita katika malango yale yale. Okot alifariki 1982. Mnamo 2001 Taban alichapisha The Defence of Lawino, ambayo ni tafsiri yake mwenyewe ya utenzi ule, aliyoifanya upya kutoka Kiacholi. Mtu anaweza kubishana na hukumu zake, na wengi wamebishana nazo. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba aliisoma kazi ya mwenzake juujuu. Zaidi ya miaka thelathini baada ya lawama zake za kwanza alikuwa bado akishughulika na mistari ile ile. Ukali wake ulilipiwa kwa kazi.

Na tusidhani kwamba jambo hili lilianzia vyuoni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu katika enzi za uhasama wa miji hiyo miwili. Katika malumbano ya namna hiyo, mjibuji hufuata aghalabu mizani na vina vya yule anayemjibu. Sharti hilo lina maana kubwa ya kimaadili. Huwezi kujibu kwa vina vya mwenzako kabla ya kumsikiliza hadi mwisho.

Ujasiri tulio nao na tunaoukosa

Pengine msomaji atasema kwamba wahakiki wetu hawana muhali hata kidogo. Mbona wamegombana sana? Ni kweli. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa ushairi wa Kiswahili walivutana vikali, wanamapokeo upande huu na wanamabadiliko upande ule. Euphrase Kezilahabi, aliyekuwa mshairi na mwalimu wa chuo kikuu kwa wakati mmoja, alishambuliwa na kutetewa kwa ajili ya mashairi huru ya Kichomi, diwani iliyotoka 1974.

Lakini ugomvi ule ulikuwa wa kambi kwa kambi. Ni rahisi kuishambulia kambi, kwa kuwa kambi haina uso wala haitakuja ofisini kesho asubuhi. Sisi ni mashujaa tunaposema juu ya mikondo na nadharia, ila tunapofika kwenye ukurasa wa 87 wa riwaya ya mwenzetu, mahali ambapo mhusika ameacha kuishi na sasa anahutubu tu, ushujaa hutuponyoka. Tunaandika kwamba mwandishi "amefaulu kwa kiasi kikubwa kuyasawiri matatizo ya jamii". Sentensi hiyo nimeiandika mimi mwenyewe zaidi ya mara moja.

Kisa cha mswada

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mhadhiri mchanga, mwenzangu aliyenitangulia kazini kwa muda mrefu aliniletea mswada wa riwaya yake. Ulikuwa umepigwa chapa kwa taipureta na kutiwa katika faili ya kijani. Riwaya ilimhusu mjane anayedai shamba la marehemu mumewe kutoka kwa mashemeji. Sura za mwanzo zilinishika hata nikachelewa kulala. Kuanzia katikati, hata hivyo, mjane alinyamaza. Alisema wakili kwa niaba yake, kisha mwalimu wa kijiji, kisha msimulizi, kila mmoja akieleza haki za wanawake kwa hotuba ndefu, na mwenye shamba hakupewa neno. Niliyaandika haya yote kwa penseli pambizoni mwa kurasa.

Usiku wa kuamkia siku ya kuurudisha mswada nilikumbuka kwamba mzee huyu ndiye aliyenipokea nilipoajiriwa. Ndiye aliyenitafutia nyumba ya kupanga. Nikakumbuka vilevile kwamba aliketi katika kamati ya kupandishwa vyeo. Nikachukua kifutio, nikafuta nilichoandika, ukurasa baada ya ukurasa. Asubuhi nilimwambia kwamba riwaya ni nzuri na iko tayari kwa mchapishaji.

Ilichapishwa, ikasomwa na wachache, ikasahaulika. Alipostaafu nilikwenda kumsaidia kufungasha vitabu vyake. Faili ya kijani ilikuwemo. Alichomoa ukurasa mmoja, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Penseli huacha mfuo hata ikifutwa.

"Bwana mdogo," akaniambia, "niliyaona haya kitabu kikiwa kimekwisha kutoka. Hapa uliandika, 'Mjane yuko wapi?' Swali hilo moja lingenitosha."

Hakusema kwa hasira, na aliendelea kufungasha vitabu. Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba nilikuwa nimemwonea muhali mzee wangu. Leo siamini hivyo. Sehemu ya kimya changu ilikuwa shukrani, na shukrani ni jambo jema. Sehemu nyingine ilikuwa kamati. Nilichokiita muhali kilikuwa kimefunika woga, na kwa kuwa muhali ni neno la heshima, sikulazimika kukitazama kilichokuwa chini yake. Hapa ndipo ilipo hatari ya muhali katika uhakiki: humfanya mwoga ajione mstaarabu.

Aidha, mzee yule hakuwa mdhurika wa pekee. Wapo wasomaji waliolipa pesa zao. Wapo wanafunzi ambao tungewasomesha riwaya ile kama kielelezo cha sauti ya mwanamke, na hali mwanamke mwenyewe hana sauti ndani yake. Na yupo mjane wa riwaya, ambaye angeweza kuwa mhusika wa kukumbukwa na hakuwa.

Hoja za upinzani

Zipo hoja tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza yasema kwamba wasomaji wa siri wanatosha: mswada hupelekwa kwa mtu asiyejulikana, naye hutoa hukumu bila kuona haya. Utaratibu huu una manufaa, na sipendekezi uachwe. Lakini katika jumuiya ndogo kama yetu, ambamo kila mtu anaijua sentensi ya mwenzake, siri hii ni pazia jembamba. Tena siri inayomkinga mkweli humkinga na mwenye chuki. Utaratibu huo hauwezi kuchukua mahali pa tabia njema.

Hoja ya pili yasema kwamba hukumu iachiwe wageni, wasio na uhusiano nasi. Mgeni huona mambo tusiyoyaona, hilo nakiri. Ila mgeni hufika baada ya kitabu kuchapishwa, na mara nyingi hukisoma ili kuthibitisha alichokuja nacho. Anayeweza kuuliza "Mjane yuko wapi?" wakati swali hilo lingali na faida ni mtu wa ujia ule ule.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Yasema kwamba kuna nyakati ambapo ukweli wa mhakiki huwa silaha mikononi mwa wengine. Mnamo Novemba 1977 kibali cha kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyoonyeshwa Kamĩrĩĩthũ, kiliondolewa, na tarehe 31 Desemba mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Alipotoka hakurudishiwa kazi yake ya kufundisha. Tuseme mhakiki mmoja aliiona tamthilia hiyo ina kasoro za muundo. Je, alipaswa kuzitangaza mwenzake akiwa kizuizini, wakati kila neno dhidi yake lingeweza kuchukuliwa kuwa ushahidi?

Nadhani la. Hapa kunyamaza ni haki, na sababu yake yaweza kuelezwa: mwandishi hakuwa na nafasi ya kujibu. Uhakiki ni mazungumzo, na asiyeweza kujibu hapaswi kuhukumiwa hadharani na mwenye uhuru wa kusema. Hata hivyo, kimya hicho kina muda wake. Mwandishi akishakuwa huru na kitabu kikiwa mikononi mwa umma, kuendelea kukinyamazia kwa sababu aliteseka ni kumfanya mnara wa ukumbusho badala ya mwandishi. Mateso ya mtunzi yanastahili heshima yetu. Hayasahihishi sura dhaifu.

Wajibu wa mhakiki na wa idara

Kutokana na yaliyosemwa, napendekeza mambo ambayo mhakiki aliye jirani ya mwandishi anapaswa kuyashika. Mosi, asiseme lolote, liwe sifa au lawama, kabla ya kusoma kazi nzima. Sifa isiyosomewa ni dharau, hata kama inapokelewa kwa tabasamu. Pili, amwambie mwandishi kwanza, ana kwa ana na mapema, na atakayoyaandika hadharani yasitofautiane na aliyoyasema faraghani. Tumezoea kinyume chake: tunasifu jukwaani siku ya kuzindua kitabu, kisha tunacheka kwenye chai. Tatu, anapoandika, autaje ukaribu wake. Msomaji akiambiwa kwamba mhakiki na mtunzi wanafundisha katika idara moja, atajua namna ya kuyapima maneno.

Kwa mwanafunzi wajibu huu ni mkubwa zaidi, maana hapo mwenye cheo ni sisi. Msichana wa mwaka wa pili anayeleta mashairi manane yaliyoandikwa kwenye daftari la mazoezi hana kamati ya kututisha nayo. Tukimnyamazia, hatuwezi kuuita woga. Ni uvivu uliovaa kanzu ya huruma. Anastahili kuambiwa ni shairi lipi limesimama na ni mstari upi umeanguka, kwa lugha isiyomvunja moyo.

Idara nayo ina sehemu yake. Madhali mtu anayetarajia kupandishwa cheo anahukumiwa na mtu ambaye jana alikosoa diwani yake, au aliyekosolewa naye, hatutapata ukweli kwa mahubiri peke yake. Mwenye kuamua cheo cha mwandishi asiwe ndiye msomaji rasmi wa mswada wake. Vilevile uhakiki wa kitabu, uliofanywa kwa makini, uhesabiwe kuwa kazi ya kitaaluma kama yalivyo makala mengine. Hali ilivyo aghalabu, mhakiki anayejitaabisha kusoma kurasa mia tatu za jirani yake hupata uadui na asipate alama yoyote. Si ajabu wengi wanachagua kifutio.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba ukaribu wa mtunzi na mhakiki si kosa la kurekebishwa. Ndio uliotupa Penpoint, waraka wa 1968 na ule ugomvi wenye tija juu ya Lawino. Kinachotudhuru ni kuutumia ukaribu huo kama sababu ya kutosoma kwa haki. Muhali wa kweli ungetufanya tuhangaikie kazi ya mwenzetu kabla haijawafikia watu wasiomjali.

Sidai kwamba nimeyatimiza niliyoyapendekeza. Nina miswada miwili mezani wakati huu, mmoja wa rafiki yangu wa miaka ishirini, na bado sijabisha hodi mlangoni kwake. Penseli yangu imekwisha kupita humo, na safari hii sijafuta. Nawaalika wenzangu wanijibu katika kurasa hizi hizi, nami nawaomba wasinionee muhali.